Ngozi, Mvua na Mazoezi: Suala Lililosahauliwa katika Uhakiki wa Nyimbo za Uasin Gishu

Uhakiki wa fasihi simulizi katika Afrika ya Mashariki umesimama kwa muda mrefu juu ya nguzo mbili, fani na maudhui. Baada ya Ruth Finnegan kuchapisha kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, nguzo ya tatu ilianza kuonekana, nayo ni utendaji. Wataalamu wakaanza kuuliza ni nani anayeimba, anaimba mbele ya nani, na katika tukio gani. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, na hakuna haja ya kuibeza. Hata hivyo, utendaji uliochunguzwa ulikuwa karibu daima ule wa siku ya sherehe: harusi, jando, mavuno, matanga. Yale majuma na miezi inayotangulia siku hiyo, ambamo wimbo hutungwa, hukosewa, hurekebishwa na kuingia vinywani na mikononi mwa watu, yaliachwa nje. Mazoezi yalipoachwa, majira nayo yakaachwa, kwa sababu ni katika mazoezi ndipo mvua, baridi, ukungu na vumbi huonekana waziwazi kuwa na neno lao katika muziki.

Makala haya yanachukua nyanda za juu za Uasin Gishu, na hasa mji wa Eldoret na viunga vyake, kuwa mfano. Hoja yenyewe ni hii: hali ya hewa haiamui wimbo uwe na maana gani, lakini hushika vitu ambavyo wimbo hufanywa navyo, yaani ngozi, nyuzi, koo, paa na saa za mchana. Mhakiki asiyevitazama vitu hivyo anaweza kuuchukua unyevu akaufanya falsafa.

Eldoret imejengwa juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Mvua ya sehemu hizo, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimita 900 na 1,200 kwa mwaka, huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba, ikiwa na vilele viwili, kimoja Mei na kingine Agosti. Kiangazi hushika kuanzia Novemba hadi Februari. Mpangilio huu haulingani na ule unaopatikana katika vitabu vingi vya Kiswahili, ambavyo vimebeba majira ya pwani: masika, kipupwe, vuli, pepo za kusi na za kaskazi. Mwanafunzi wa Eldoret husoma darasani kwamba masika yamekwisha ilhali nje ya dirisha mvua inamwagika, na ya mawe juu yake. Hili si kosa la lugha, kwa kuwa kila lugha hutaja kwanza mbingu ya kwao. Ni upungufu wa wanaofundisha, ambao wameyachukua majira ya Mombasa na Unguja kana kwamba ndiyo ya nchi nzima.

Wenyeji walikuwa na hesabu yao. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotolewa mwaka 1909, aliandika majina ya miezi pamoja na maana zake. Kiptamo, unaolingana na Februari, ni joto la mashambani. Roptui, ambao ni kama Juni, ni mvua nyeusi au mawingu meusi. Puret, Julai, ni ukungu. Kipsunde, Septemba, ni mwezi wa sadaka inayotolewa shambani, na unaoufuata ni Kipsunde wa pili. Orodha hii imenukuliwa mara nyingi na wanaoshughulikia mila na hesabu za wakati. Wahakiki wa nyimbo hawakuigusa. Walakini mtu anayetaka kujua kwa nini ala fulani ililia vibaya katika rekodi fulani angepata mwanga mwingi kwa kuanza na jina la mwezi, maana Puret inasema kwa neno moja kile ambacho mkusanyaji hakukiandika daftarini.

Ngozi hunyonya unyevu. Ikinyonya hulegea, na ikilegea mlio wake hushuka na kuwa mzito, mfupi, usio na mwangwi. Hakuna mpiga ngoma asiyelijua jambo hili, na Kiswahili kina msamiati wake: ngoma huwambwa, hulegea, huanikwa juani, hupashwa moto, hukaza. Katika kiangazi cha Januari ngoma yaweza kupigwa mchana kutwa bila kuomba msaada. Julai, jioni moja yenye ukungu, ngoma ileile hupelekwa motoni, hurudi ikiwa imekaza, hupigwa, na baada ya muda si mrefu huanza tena kuzama. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa na ngoma tatu za ukubwa tofauti, kubwa, ya kati na ndogo, na uzuri wake wote umo katika uhusiano wa milio hiyo mitatu. Ngozi tatu za unene tofauti hazilegei kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo kikundi kinachofanya mazoezi ya isukuti katika mitaa ya Eldoret wakati wa mvua hakiwi na ngoma moja yenye kasoro. Huwa na mazungumzo yaliyovurugika, ambamo mtoto anaweza kusikika kama baba.

Matokeo ya jambo hili kwa utungaji hayajapewa uzito unaostahili. Pale ambapo ngoma hulazimika kurudi motoni kila baada ya nyimbo chache, mazoezi hukatwa vipande vipande. Katika mapumziko hayo waimbaji hubaki na maneno matupu, na aghalabu hapo ndipo maneno hushughulikiwa: mstari mrefu hupunguzwa, jina la mtu aliyefariki huondolewa na la mwingine kutiwa, kiitikio kilichokuwa kigumu hulainishwa. Kiangazi, ngoma isiponyamaza, maneno hayapati nafasi hiyo. Mwili na mdundo hutawala. Ikiwa ndivyo, basi msimu wa mvua, ambao mkusanyaji huuona kuwa msimu mfu kwa sababu hauna sherehe nyingi, ndio huenda ukawa msimu wenye kazi kubwa zaidi ya fasihi kwa maana halisi ya neno hilo.

Ieleweke kwamba si kila ala hutii ngozi. Mfano wa Wababukusu, ambao ni wengi Eldoret na katika miji ya jirani kuelekea Kitale na Webuye, unaonyesha upande wa pili. Tohara yao hufanywa Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, yaani katika kilele cha pili cha mvua. Mvulana anayejiandaa huzunguka kwa jamaa zake akiwaalika kwa nyimbo na kwa kupiga chinyimba, na chinyimba ni chuma. Chuma hakilegei. Majuma ya kujifunza kupiga na kuimba hupita katika matope na manyunyu bila ala kupoteza mlio, na alfajiri ya siku yenyewe mvulana hupakwa tope baridi la mtoni. Baridi hapa imetiwa ndani ya tendo. Ni sehemu ya mtihani. Haitakuwa busara kudai kwamba chuma kilichaguliwa kwa ajili ya mvua, kwani asili za mila hazifahamiki kwa njia nyepesi kama hiyo. Yatosha kusema kwamba desturi inayofanywa Agosti katika nchi hii imeweka mikononi mwa mtahiriwa ala isiyoogopa Agosti. Litungu, ambalo lina kiwambo cha ngozi na nyuzi, linamhitaji fundi mtu mzima anayejua kulilinganisha kila mara. Mvulana hapewi mzigo huo.

Kati ya ala zote za sehemu hizi, kinubi ndicho kinachopata taabu maradufu. Chepkong' ya Wakalenjini ina kiwambo cha ngozi, na nyuzi zake za zamani zilikuwa za kano. Unyevu hushika kiwambo na nyuzi kwa pamoja, na si lazima uvishike kwa kiasi kilekile. Hugh Tracey alipopita Kapkatet mwaka 1950 na kurekodi nyimbo za Wakipsigis, miongoni mwake ule wa Chemirocha, ambao jina lake lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika huko kwa njia ya santuri, alikuwa na desturi ya kupima milio ya ala kwa uma za chuma na kuandika idadi ya mitetemo kwa sekunde. Vipimo hivyo ni hazina, na hakuna mkusanyaji wa siku hizo aliyefanya kazi hiyo kwa bidii kama yeye. Lakini kipimo cha namna hiyo ni kipimo cha ngozi fulani katika saa fulani. Msomaji anayekichukua na kukiita mfumo wa sauti wa kabila zima anafanya kosa la kupima kimo cha mto siku moja na kuandika kwamba ndicho kimo cha mto. Graham Hyslop naye, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ala za Kenya, alieleza vizuri jinsi ala zinavyoundwa. Kuishi na ala mwaka mzima ni suala jingine, na ndilo lililobaki mikononi mwa wachezaji bila kuandikwa.

Gitaa lenye nyuzi za chuma lilileta uhuru wa namna yake. Wanamuziki wa Kikalenjini waliolishika, miongoni mwao Kipchamba arap Tapotuk aliyefariki mwaka 2007, hawakuhitaji moto ili nyuzi zikaze. Baridi huzikaza zenyewe na joto huzilegeza, kinyume kabisa na tabia ya ngozi, ambayo joto kavu huikaza. Bendi inayochanganya gitaa na ngoma ya ngozi katika jioni ya Julai ina ala mbili zinazokimbiana: moja inapanda, nyingine inashuka. Labda hii ni sababu mojawapo, ingawa si ya pekee, iliyofanya ngozi ya plastiki ipokewe upesi katika bendi za mijini.

Jambo lenye mambo mengi zaidi, na lililo karibu zaidi na wasomaji wa jarida hili, ni kwaya za shule. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kwa kawaida mashindano ya taifa huangukia Agosti, baada ya ngazi za chini katika muhula wa pili. Maana yake ni kwamba maandalizi yote ya shule za Uasin Gishu hufanyika Mei, Juni na Julai. Saa za mazoezi ni baada ya masomo, alasiri. Mvua ya nyanda hizi nayo hupenda alasiri. Chumba cha mazoezi kina paa la bati. Hapo mwalimu wa kwaya hukutana na adui ambaye hakutajwa chuoni: mvua ikipiga juu ya mabati, sauti ya tatu haiisikii sauti ya kwanza, na yeye mwenyewe hasikii yeyote. Anaweza kungoja. Anaweza kuwaamuru wapaze sauti, na kwa kufanya hivyo akawazoesha kuimba kwa kelele nyimbo zinazotaka upole. Anaweza kuihamishia kwaya alfajiri, ambapo mvua ni adimu lakini baridi ya Eldoret yaweza kushuka hadi karibu digrii 7, na koo la mtoto halijaamka. Au anaweza kuacha kuimba akafundisha maneno na miondoko kwa ishara, kama baadhi ya walimu wafanyavyo, na kuiacha lahani ingoje anga likinyamaza.

Kila njia huacha alama yake katika wimbo utakaosikika Agosti. Kwaya iliyofundishwa ikipigana na bati huwa na matamshi ya nguvu na konsonanti zinazogongwa. Iliyofundishwa kwa ishara huwa na miondoko iliyonyooka kuliko sauti. Mwamuzi wa mashindano, na mhakiki anayemfuata, huyaita haya mtindo wa shule fulani, au hata mtindo wa eneo. Huenda ni mtindo kweli, maana kinachorudiwa miaka mingi hugeuka kuwa mtindo. Lakini chanzo chake hakikuwa katika ladha. Kilikuwa juu ya vichwa vyao. Na hapa neno lenyewe linafundisha. Zoezi limetokana na kuzoea. Anayefanya mazoezi hauzoei wimbo tu, anauzoea pamoja na mahali na hewa aliyojifunzia, na siku akisimama katika ukumbi mkavu, mkimya, katika mji mwingine, hushangaa kuona kwamba sehemu ya kile alichokizoea haipo.

Pwani mambo ni tofauti, na yatajwe kwa ufupi. Kanuni ya taarabu husimamisha daraja la nyuzi zake juu ya viwambo vidogo vya ngozi, na hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima. Kwa hiyo mpiga kanuni wa Unguja amezoea kulinganisha nyuzi kila siku. Hana kiangazi cha kumsahaulisha. Mpiga chepkong' wa nyanda za juu huishi na ala mbili katika mwaka mmoja, ya kiangazi na ya mvua, na hata hivyo huziita kwa jina moja.

Sasa lije suala la ufasiri, ambalo ndilo linaloufanya mjadala huu uwe wa kihakiki. Chukuliwe mhakiki ofisini, amepewa rekodi mbili za wimbo mmoja. Katika ya kwanza ngoma ni kali, mwendo ni wa haraka, kiitikio kinafuatana na mdundo. Katika ya pili ngoma ni nzito, mwendo umelala, na waimbaji wanaburuza maneno. Kwa mujibu wa mazoea ya uhakiki, ataandika kwamba wimbo una sura mbili, ya furaha na ya huzuni, na ataonyesha jinsi fani inavyobeba maudhui. Atatafuta huzuni hiyo katika historia, katika kunyang'anywa ardhi, katika siasa, na kwa kuwa historia ya Uasin Gishu haina upungufu wa huzuni, ataipata. Yawezekana amesema kweli. Yawezekana pia kwamba rekodi ya pili ilifanywa Julai na ngozi ilikuwa imeloa, na mpigaji, kwa kuona kila pigo halirudi upesi, akapunguza mwendo ili milio isigandamane. Bila tarehe, bila saa, bila neno moja juu ya hewa na moto, hakuna njia ya kuchagua kati ya fasiri hizo mbili.

Pingamizi moja lazima lijibiwe. Wahakiki waliolelewa katika nadharia za uyakinifu wa kihistoria watasema kwamba huku ni kumpa mawingu nafasi ya binadamu, na kwamba kinachopanga muziki ni uzalishaji mali: watu hucheza baada ya mavuno kwa kuwa wana chakula, fedha na nafasi. Hoja hii ina nguvu. Katika Uasin Gishu mahindi hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba, na bendi hupata kazi zaidi pale mkulima anapokuwa amelipwa. Sherehe nyingi za jando za Wakalenjini nazo leo hufanywa katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, kwa amri ya kalenda ya shule. Lakini uzalishaji unaeleza ni lini watu hukutana. Hauelezi kwa nini ngoma inalia hivi wala kwa nini mazoezi yamekatwa vipande. Kazi na hewa hazigombanii kiti kimoja. Na nadharia inayojiita ya kiyakinifu haina sababu ya kuiogopa ngozi, ambayo ni kitu yakini kuliko vingi inavyovizungumzia.

Majira yenyewe hayasimami tena mahali pake. Mwishoni mwa mwaka 1919 au 1950 mtu angeweza kuandika Novemba akamaanisha ukavu. Mwishoni mwa 2019 mvua kubwa ziliendelea kunyesha Kenya, na Novemba ya mwaka huo maporomoko ya ardhi yaliua watu wengi Pokot Magharibi, upande wa kaskazini wa nyanda hizi. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilirudia. Kwa mkusanyaji, hii ina maana kwamba hata tarehe peke yake haitoshi kuwa ushahidi wa hali ya hewa. Iliyo rahisi kukisiwa zamani sasa lazima iandikwe.

Nayo si kazi kubwa. Daftari la mkusanyaji lina nafasi ya jina la wimbo, mwimbaji, mahali na tukio. Liongezewe mistari mitatu: hewa ilikuwaje saa ile, ngoma ilipashwa moto au haikupashwa, na mara ngapi, na wimbo huu ulifanyiwa mazoezi wapi, chini ya paa gani, katika miezi ipi. Mstari wa tatu ndio mgumu, kwa sababu haujibiwi siku ya sherehe. Unamlazimisha mkusanyaji aende mapema, wakati ambapo hakuna nyama wala wageni, na barabara za Kesses na Moiben zina matope.

Hapo ndipo idara zenyewe zinapaswa kujitazama. Wanafunzi hutumwa kukusanya nyimbo wakati wa likizo, na mara nyingi hurudi na nyimbo za Desemba: zimekamilika, zimekaza, zimejaa vigelegele. Kutokana na hizo hutolewa mihadhara juu ya tabia ya nyimbo za nyanda za juu. Hakuna ubaya katika nyimbo za Desemba. Lakini mwanafunzi mmoja akitumwa Julai, akakaa jioni nzima karibu na moto wa majani makavu pamoja na wapiga ngoma wanaongoja ngozi ikaze, akaandika kila neno lililobadilishwa katika kungoja huko, ataleta darasani kitu ambacho mikusanyo iliyopo haina.